Wahusika Ni Nani? Kuwatafuta Watu wa Kamati ya Haki Same

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea, na kilichowaleta nimekisikia. Mmeajiriwa juzi, mmekabidhiwa kazi ya kutafuta watu wa kujitolea kwenye Kamati ya Haki za Binadamu, na huko ofisini mmeambiwa mkamwulize Mama Msuya, yule aliyeifanya mpaka nywele zikageuka. Ni kweli zimegeuka, na kazi yenyewe ndiyo iliyozigeuza. Nimeona niwaandikie, maana nikisimulia kwa mdomo nitapandisha sauti, na daktari amenikataza.

Mimi ni mtu wa Shighatini, Mgweno wa upande wa kaskazini, niliyeletwa Same kuwa afisa maendeleo ya jamii nikiwa bado binti. Wapare wa huku kusini walicheka lafudhi yangu mpaka wakachoka, kisha wakanizoea. Kwenye kazi zote nilizopewa, kuanzia vyoo bora hadi vikundi vya kuweka akiba, hakuna iliyonikera kama hii mliyopewa nyinyi. Kamati ya Haki hupokea malalamiko ya watu walioonewa, awe amewaonea kiongozi, jirani au ndugu wa damu. Wanakamati huenda kujionea wenyewe, huzisikiliza pande zote, na jambo likiwashinda hulipeleka wilayani. Mshahara hawana. Wanarudishiwa nauli, na maadui wanajipatia wenyewe bila kutumwa.

Sasa nenda ukamtafute mtu anayetaka kazi hiyo. Utampata asiyefaa kabla hujafunga mlango wa gari.

Kwanza kabisa, msitamke neno semina. Ukisema semina, watu husikia posho. Nilijifunza kuanza mkutano kwa kusema hakuna mshahara, hakuna posho, hakuna fulana. Kwenye mshahara watu hutulia tu. Kwenye posho hutazamana. Nikifika kwenye fulana ndipo wanaanza kuinuka na kukung'uta suruali. Wanaobaki, zungumzeni nao.

Pili, msimwachie mwenyekiti wa kijiji peke yake kazi ya kutangaza, maana tangazo litafika kwa shemeji yake na kuishia hapo. Tangazeni mashineni kwenye kusaga, bombani, kanisani na msikitini. Enzi zetu tulibandika karatasi kwenye ubao wa ofisi, na wasomaji wake wakubwa walikuwa mbuzi. Baadaye tukakodi bodaboda yenye kipaza sauti. Siku hizi naona mnatumia makundi ya WhatsApp, na huko ndiko nilikompata kijana mmoja wa Chome aliyeomba nafasi akiwa Dar es Salaam. Nilipompigia simu alinieleza kwa ufasaha sana kwamba atahudumu kwa njia ya mtandao. Nikamwuliza mama wa Chome aliyefukuzwa shambani na mashemeji zake atampataje, ikiwa huko kwao mtandao unashika juu ya jiwe moja tu karibu na kanisa, na siku ya ukungu hata jiwe lenyewe halionekani. Akanijibu kwamba hilo ni suala la miundombinu.

Na msidanganywe na makofi. Kule Mamba kikundi kimoja cha wakulima wa tangawizi kiliniletea jina la mtu mmoja kwa kauli moja, watu wamesimama wanashangilia. Nikaona leo nimepata kiongozi anayependwa. Baadaye ndipo nilipoelewa. Walikuwa wameshindwa kumtoa kwenye uenyekiti wa kikundi chao, wakaona dawa ni kumsukumia kwangu. Mzee wa watu alihudhuria kila kikao cha Kamati, na kila kikao alikuwa na ajenda moja, kwamba amepinduliwa.

Kwenye usaili msiulize haki za binadamu ni nini. Mtakaririwa Katiba mpaka njaa iwashike. Swali langu lilikuwa hili: mara ya mwisho ulipomwambia ndugu yako wa damu kwamba amemkosea mtu, ilikuwaje? Halafu nyamazeni. Kunyamaza nilifundishwa na Bwana Kajiru, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye tulikaa naye kwenye jopo la usaili miaka mingi. Alikuwa akisema shahidi hasemi ukweli anapoulizwa, husema pale anapoona hakimu hana haraka. Basi tunauliza, tunatulia, na mwombaji anatutazama kana kwamba tumemwuliza rangi ya nguo zake za ndani. Mmoja alitujibu kwamba katika ukoo wao hakuna anayekosea. Tulimshukuru na kumtakia safari njema.

Nitawasimulia usaili mmoja tu, ule ambao nikiukumbuka mpaka leo chai inaniwia chungu. Kijiji sitakitaja. Kiko mguuni mwa mlima, na watu wake bado hunisalimia tukikutana sokoni Same. Nataka waendelee kunisalimia.

Kulikuwa na nafasi mbili. Moja ya kijiji hicho cha wakulima, na nyingine ya kitongoji cha wafugaji kilichoko tambarare, ng'ambo ya barabara kuu. Hii ya pili tulikuwa tumeamua iende kwa mwanamke, kwa kuwa tangu Kamati ianze hakuna mwanamke wa tambarare aliyewahi kukaa ndani yake, na malalamiko ya wanawake wa huko yalikuwa yakitufikia kupitia midomo ya waume zao, yakiwa yamepungua chumvi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Koikai. Huyu ni mtu mwenye adabu iliyopita kiasi. Alinipokea vizuri, akanikalisha kivulini, akanipa chai ya maziwa matupu, akakubaliana na kila nililosema. Nikaondoka nimefurahi, na hakuna kilichofanyika. Nikarudi, tukakubaliana upya. Safari ya tatu akaniambia mwanamke amepatikana. Akaletwa mama mmoja akiwa na mumewe. Nikamwuliza mama jina lake, mume akalitaja. Nikamwuliza mama anaionaje kazi hii, mume akasema anaiona vizuri. Nikamwomba mume aniachie nafasi ya kuzungumza na mkewe, akasema bila shaka, akasogeza kigoda chake nyuma kidogo, akaendelea kujibu. Mzee Koikai alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapanda gari na kurudi Same nikizungumza peke yangu, dereva akadhani niko kwenye simu.

Tukaona tuanze na nafasi ya wakulima, hii ya tambarare itajulikana mbele ya safari. Siku ya usaili tulikwenda watatu: mimi, Bwana Kajiru, na Upendo, mwanasheria kijana wa ofisi ya wilaya, binti makini aliyekuwa na haraka ya kumaliza kila kitu kabla ya mchana. Ofisi ya kijiji ile ni vyumba viwili vya mbele na stoo nyuma, wanakohifadhi mbolea. Tulipokuwa tunazunguka jengo kutafuta kivuli cha kuegesha gari, tulimkuta mama wa Kimaasai amekaa chini, karibu na ukuta wa stoo, na kibuyu cha maziwa miguuni. Bwana Kajiru akamwuliza maziwa bei gani. Mama akaugeukia ukuta. Tukaingia ndani.

Barazani walikuwa wamekaa waombaji. Nitawatajia wawili tu. Wa kwanza ni Mwalimu Eliapenda, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu aliyenyooka kuanzia kola mpaka kiatu. Kijiji kizima kilimtaka, na hata mimi nilimtaka, maana sikuwahi kusikia mtu akimsema vibaya. Wa pili ni Nakijwa. Huyu hununua tangawizi Mamba na kuishusha kuiuza, na huko chini ana shamba la mahindi na kunde. Alikuwa amegombana na mtendaji wa kijiji, amegombana na wanakwaya, amegombana na mwenye mashine ya kusaga. Bwana Kajiru alipoliona jina lake alivuta pumzi ndefu, akasema huyu ni upele.

Tukamwita Mwalimu Eliapenda. Akaanza kueleza, na alieleza vizuri, ibara kwa ibara. Katikati ya maelezo tukasikia kishindo ukutani, upande wa nyuma. Mtendaji wa kijiji, aliyekuwa amekaa pembeni yetu kama mwenyeji, akasema ni mlango tu, upepo. Mwalimu akaendelea. Kishindo tena. Kila kilipotokea, Mwalimu alinyamaza kidogo, kama anavyongoja darasa litulie, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Nilitazama dirishani. Majani ya migomba yalikuwa yametulia, hata moja halitikisiki. Nikamwuliza mtendaji upepo huo unavuma wapi, akacheka na kusema mama ana utani.

Alipomaliza tukamwita Nakijwa. Hakuwepo kwenye benchi. Upendo akatoka kumtafuta, na hapo tukasikia sauti ya Nakijwa ikitokea nyuma ya ofisi, na sauti hiyo ukiisikia mara moja huisahau. Tukatoka wote.

Alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, na mbele yake yuko kamanda wa mgambo wa kijiji, aitwaye Yona, ameshika ufunguo. Yona ni mdogo wake Nakijwa, baba mmoja mama mmoja. Yule mama wa maziwa alikuwa amesimama sasa, kibuyu amekikumbatia.

"Nani yumo humo ndani?" Nakijwa aliuliza.

Yona akamjibu kwa sauti ya mtu aliyeandaa zawadi. "Yule aliyelisha shamba lako. Tulimkamata jana jioni. Tukasema tutakuambia ukishamaliza mambo yako na wageni."

Hapo niwaeleze, ndipo mwone uzito wake. Asubuhi hiyo hiyo Nakijwa alikuwa ametoka shambani. Ng'ombe walikuwa wamepita kwenye kunde zake wakazimaliza, na mahindi wakayalaza. Barazani alikuwa amewalaani wafugaji wote mpaka mwombaji mwenzake akasogea pembeni. Sasa mwenye ng'ombe amekamatwa, amefungiwa kwa ajili yake, na aliyemfungia ni mdogo wake mwenyewe.

"Tangu jana," Nakijwa akasema. "Amekula?"

Yona akaugeuza ufunguo mkononi. Akasema mtendaji ameagiza akae humo mpaka wazee wa kwao waje na fidia.

"Fidia naitaka," Nakijwa akasema. "Kunde zangu zitalipwa, na mahindi yatalipwa. Lakini sitaki mtoto wa mtu afie stoo kwa jina langu. Fungua, Yona."

"Dada, usiniaibishe mbele ya wageni."

"Ukifungua hutaaibika. Nikianza kupiga kelele ndiyo utaaibika."

Yona akamtazama mtendaji. Mtendaji akaanza kueleza kwamba kuna taratibu, kwamba hali ya amani ya kijiji inahitaji busara, kwamba jambo hili wahusika wanalishughulikia. Bwana Kajiru ndiye aliyemkatiza, kwa ile sauti yake ya chini ya mahakamani. Alimwambia, "Bwana Mtendaji, mtu akikamatwa hupelekwa polisi. Hapa ni stoo ya mbolea."

Yona akafungua. Kijana alikuwa amekaa chini katikati ya mifuko, mikono imefungwa kwa kamba ya katani na vifundo vya mkono vimevimba, macho mekundu kwa harufu ya mbolea. Alikuwa akipiga ukuta kwa kisigino. Jina lake Lemayani, kijana mkubwa wa kuoa. Nakijwa akaingia, akamfungua kamba mwenyewe huku akimgombeza kuhusu kunde, hakunyamaza hata dakika. Tukampa maji. Alipopata sauti hakuuliza kosa lake wala hakuomba msamaha. Aliuliza, "Ng'ombe wako wapi?"

Mama yake akampa kibuyu. Ndiyo, yule mama alikuwa mama yake, Nasieku. Wanaume wa kitongoji walipopata habari walikaa kikao cha kuamua nani aende. Yeye alichukua maziwa akavuka tambarare kwa miguu peke yake, akafika asubuhi, akafukuzwa na mgambo, akarudi, akafukuzwa tena, akarudi. Alikuwa akizungumza na mwanawe kupitia tundu la ukuta. Na sisi, watu wa haki za binadamu, tulimpita tukimwuliza bei.

Nilikasirika, sitaki kuwaficha. Na mtendaji akanisogelea akaniuliza kwa upole kama tunaweza kuendelea na usaili, maana muda unakwenda.

Tulihakikisha kwanza kijana amepelekwa zahanati, na Upendo akaondoka na mtendaji kwenda kulieleza jambo lenyewe wilayani, ambako mtendaji alipewa karipio lake, lakini hiyo ni habari ya wakubwa wake. Nilipokuwa nimekaa barazani nikingoja, Mwalimu Eliapenda akaja akakaa karibu nami. Alikuwa amekunjamana, hata kola ilikuwa imelala.

Akaniambia, "Mama Msuya, nilikuwa nasikia tangu tulipofika. Nilidhani wahusika wanajua."

Wahusika! Vijana, nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote na sijawahi kukutana na hao watu. Daraja likivunjika, wahusika wanajua. Mtoto akiacha shule, wahusika wanashughulikia. Mama akipigwa, jirani anavuta shuka, eti wahusika wapo. Sijui wanakaa wapi, sijui wanapanda gari gani. Siku ile wahusika tulikuwa sisi, tumejaa barazani na viatu vilivyong'arishwa, na mtu anapiga ukuta tunasema upepo. Nilitaka kumwambia Mwalimu hayo yote. Lakini alikuwa mzee kuliko mimi na machozi yalikuwa karibu, nikamwambia tu pole.

Mtadhani basi mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo, Nakijwa akapewa nafasi, watu wakaimba. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Tulipokaa sisi watatu wa jopo wiki iliyofuata, Bwana Kajiru, huyo huyo aliyemwambia mtendaji maneno mazuri, akasema Nakijwa hafai. Sababu zake alikuwa nazo. Ana mgogoro unaoendelea na wafugaji. Amemtolea mtendaji maneno makali. Na zaidi ya yote, hakufanyiwa usaili, aliondoka kwenye benchi bila ruhusa.

Nikamwuliza kile tulichokiona nyuma ya ofisi yeye anakiitaje.

Akasema anakiita tukio. Usaili una utaratibu wake.

Nikamkumbusha swali letu la ndugu wa damu, kwamba tumeliuliza miaka yote na kuambulia kutazamwa, na safari hii tumejibiwa bila kuuliza. Bwana Kajiru akasema jibu lisilotanguliwa na swali haliandikwi kwenye kumbukumbu. Nilitoka nje nikazunguka gari, nikarudi. Nampenda mzee yule, lakini mahakama ilikuwa imemwingia kwenye mifupa.

Upendo ndiye aliyetupatia njia. Alisema kanuni zinamzuia mwenye mgogoro, basi mgogoro wenyewe umalizwe. Likanishangaza jambo rahisi namna hiyo. Likumbukeni: badala ya kubishana kama mtu anafaa kwa sababu ana ugomvi, nendeni mkaumalize ugomvi.

Tukawakutanisha pale pale ofisi ya kijiji. Mzee Koikai alikuja na wazee wake, na Lemayani akiwa na mama yake. Kwa kuwa Lemayani alisoma na Kiswahili anakijua, ndiye aliyewafasiria wasiokijua. Mazungumzo hayakuwa marefu. Wafugaji walikiri, Nakijwa akaeleza hasara yake, wakakubaliana atapewa mtamba mmoja. Nakijwa akalalamika kwamba hana pa kumweka ng'ombe, kisha akalalamika kwamba mtamba mwenyewe amekonda, kisha akampokea. Kwa Nakijwa hiyo ni furaha.

Hapo Mzee Koikai akasimama. Akanigeukia kwa adabu yake yote, akasema amekumbuka kwamba Mama Msuya bado anawadai mwanamke wa Kamati, na wao si watu wa kukaa na deni. Wamezungumza njiani na wamekubaliana. Mwanamke wao wa Kamati atakuwa huyu, akamnyooshea Nakijwa fimbo.

Niliinamisha kichwa mezani. Safari zote zile, chai zote zile, na wazee hawa wako tayari kuwakilishwa na Mpare mwenye mdomo kuliko na mwanamke wa boma lao. Nilipoinua kichwa, Bwana Kajiru alikuwa ametazama dari, na nadhani alikuwa akicheka.

Nakijwa ndiye aliyeniokoa. Alimwambia Mzee Koikai kwamba heshima ameipokea, lakini hajui hata ng'ombe anakamuliwa upande gani. Akasema, "Nitawasemea nini wanawake wenu mimi? Huyu hapa alifika kwenye ile stoo kabla yangu. Alifukuzwa, akarudi. Mnamtafuta nani mwingine?"

Alikuwa akimnyooshea kidole Nasieku. Lemayani akamfasiria mama yake polepole, na nikaona kijana anaona haya. Nikamwuliza Nasieku kama angependa kazi hiyo, nikamtazama yeye usoni, na nikawatazama wanaume mmoja mmoja ili asijibu mtu mwingine. Aliuliza kupitia mwanawe kama watu wa Kamati wanaruhusiwa kuomba mlango ufunguliwe. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Nafasi ya wakulima tuliipigia kura kwenye jopo. Bwana Kajiru alipinga, mimi na Upendo tukakubali. Mzee wa watu akaenda kumpa Nakijwa mkono na kumshauri ajifunze kusema taratibu. Nakijwa akamwahidi atajaribu. Naishi naye wilaya moja, na bado sijaona akijaribu. Mwalimu Eliapenda aliliondoa jina lake mwenyewe kabla ya kura. Siku hizi mtu akifungiwa pale kijijini, yeye ndiye huwa wa kwanza kumpigia Nakijwa simu, na hilo naliheshimu kuliko ibara zote alizotusomea.

Ya Nasieku ilibaki kwenye mkutano wa hadhara wa kitongoji, maana kanuni inataka jina lisomwe mbele ya watu na mwenye pingamizi alitoe. Nikashuka tambarare nikiwa nimejiandaa kwa chai na makubaliano. Wanaume walikaa mbele na fimbo zao. Wanawake walikaa mbali, nyuma kabisa, karibu na zizi, mahali ambapo sauti hufika ikiwa imechoka. Jina likasomwa. Mzee Koikai akauliza kama kuna pingamizi, na akauliza kwa namna ya mtu anayetumaini.

Akasimama shemeji yake Nasieku, mdogo wa mumewe, kwa kuwa mume alikuwa mbali, akichunga mifugo. Akasema maneno mengi ambayo Lemayani, aliyekaa karibu nami, alinifasiria kwa kunong'ona. Kwa kifupi, mwanamke huyu alivuka barabara na kwenda kwa watu wengine bila kuaga mtu, wakati wazee walikuwa bado kwenye kikao. Anayewadharau wazee wa kwao hawezi kupewa kazi ya watu.

Wanaume wakaguna kukubali. Mzee Koikai akanitazama kunihurumia. Nami nikaanza kukusanya mkoba wangu, vijana, nasema kweli. Nilikuwa nimechoka.

Nasieku akainuka kule nyuma. Alitembea mpaka mbele ya wanaume, akasimama, na alizungumza kwa sauti ndogo hata ikabidi watu wasogeze vichwa. Lemayani hakunong'ona tena. Alisimama na yeye, akafasiri kwa sauti ya wote kusikia, ingawa pale aliyekuwa hajui Kimaasai ni mimi peke yangu.

"Anasema, mtoto alikuwa amefungiwa. Anasema, nilipita hapa mlipokaa, mkaniona. Mlikuwa mnajadili nani aende. Nilikwenda, nikarudi na mtoto, nikawakuta hapa hapa. Anasema, hamkuwa mmemaliza. Kama kikao kile kimekwisha, niambieni mlimchagua nani."

Hakuna aliyemwambia. Upepo ulipita, safari hii upepo wa kweli, ukapeperusha vumbi. Mzee Koikai akauliza tena kama kuna pingamizi jingine. Nilikaa kimya na mimi, kama nilivyofundishwa.

Shemeji akanyoosha mkono. Akasema pingamizi lake ameliondoa. Lakini angependa Mama wa Serikali amweleze, hizo siku ambazo mama huyu atakwenda kwenye vikao, nani atakamua?

Nikamwambia hilo halikuwa pingamizi, lilikuwa swali, na jibu lake liko mwisho wa mikono yake.

Lemayani akafasiri. Walioanza kucheka walikuwa wanawake, kule karibu na zizi. Shemeji akaitazama mikono yake.